Klara Tarsisi, Mama Aliyerudisha Risasi Mbovu Kiwandani (1934–1988)

Marehemu mama yetu mpendwa, Klara Tarsisi, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1934 huko Ushirombo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Tarsisi na Mama Salvina. Bibi alisimulia kwamba siku ya ubatizo alilia mpaka padre akanyamaza kumsubiri. Sauti ile hakuipoteza hata ukubwani.

Alisoma shule ya masista hapohapo Ushirombo kuanzia mwaka 1943 hadi 1951. Alitamani sana ualimu, lakini baba yake aliugua, akarudi nyumbani kushika jembe. Tarehe 3 Septemba 1955 alifunga ndoa na Damian Salamba, fundi seremala, wakahamia Nyasubi, Kahama, ambako alizaliwa binti yao wa kwanza, Anisia.

Mwaka 1960 aliajiriwa na Mzee Maulidi, mfanyabiashara aliyekuwa na leseni ya kuuza majembe, dawa za mifugo na risasi za marisau kwa wakulima wenye bunduki. Klara ndiye aliyetunza ghala. Kazini alikuwa mkali, na wapo waliomwona ana kiburi. Wanawe hawakatai: hata nyumbani sukari ilifungiwa kabatini.

Mwezi Mei 1966, Mzee Luhende, mkulima wa Samuye, alifyatua bunduki kumfukuza nguruwe pori shambani. Haikulia. Alipoifungua kuitazama, risasi ikalipuka na kumkata vidole viwili. Baada ya wiki chache alikuja dukani, mkono umefungwa kitambaa, wala hakuja kugomba.

“Mama Anisia,” alisema, “nyingine umemuuzia nani?”

Swali lile lilimnyima Klara raha. Alichukua baiskeli ya mumewe akaenda kijiji kwa kijiji, akizikusanya risasi zote za aina ile, hata kwa wale waliomfokea kwamba nguruwe watamaliza mahindi.

Mzee Maulidi aliandika kiwandani, ng’ambo. Jibu lilikuja na masharti: risasi zibaki katika maboksi yake yenye namba, mtu asizipasue kuzichunguza, zisipelekwe posta, zisisafiri pamoja na abiria, na zisiondoke ghalani kabla kiwanda na polisi hawajatoa kibali. Ikabidi kungoja.

Katika kungoja huko, kaka yake Pantaleo alifika kutoka machimbo ya Nyarugusu, ambako yeye na wenzake walichimba duara, yaani shimo la dhahabu.

“Dada, duara letu limegonga mwamba,” alisema. “Nipe hizo risasi mbovu tutoe baruti tupasue. Si zimeshakufa?”

“Luhende naye alidhani imekufa.”

“Klara! Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja!”

“Ndiyo maana sikupi.”

Pantaleo aliondoka bila kugusa chakula. Miaka mingi baadaye marehemu alimwambia bintiye Anisia kwamba siku ile alilia jikoni, na nusura amkimbilie kaka yake barabarani akampe.

Kibali kilitoka mwezi Novemba. Klara alipanda lori la mizigo, akaketi karibu na dereva, kulisindikiza sanduku hadi stesheni ya Isaka, ambako lingepakiwa kwenye behewa la mizigo. Njiani wakamkuta mama mkwe wake, Mama Tereza, amesimama na kikapu, anakwenda Isaka kumzika shoga yake. Klara alishuka, akapiga goti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nishike mkono nipande.”

“Mama, nisamehe. Tumebeba risasi mbovu. Abiria hawaruhusiwi.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimeandikwa kwenye kibali, mama. Msindikizaji.”

“Kumbe wewe ukilipuka si neno?”

Klara aliinuka, akapangusa vumbi gotini. Alirudi garini, lori likaondoka, na Mama Tereza akasubiri basi. Alipofika Isaka, maziko yalikuwa yamekwisha.

Klara alikwenda kumwangukia. Aliomba radhi kwa sababu mama yule alikosa kumzika rafiki yake, ila hakusema kwamba alikosea kumkatalia. Mama Tereza alimnunia hadi Krismasi. Kisha akawa yeye mwenyewe anasimulia kila kilioni na kila harusini: “Mke wa Damian aliniacha barabarani na kikapu changu! Lakini mtu akiniuliza nimwachie nani nyumba yangu, nitamtaja huyohuyo.”

Kiwanda kilithibitisha kwamba fataki za risasi zile, zile zinazowasha baruti, zilikuwa na kasoro, kikaagiza zirudishwe kutoka maduka ya mikoa mingine pia. Pantaleo alitokea Pasaka iliyofuata, akavuta kigoda, akauliza, “Dada, leo umepika nini?” Habari ya mwamba hakuna aliyeigusa.

Duka lilipofungwa mwaka 1971, Klara alirudia kilimo na kuwaongoza akina mama wa jumuiya yake hadi alipoanza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 1986. Alfajiri ya tarehe 14 Machi 1988 alipokea sakramenti ya wagonjwa, akauliza kama wageni wamekula, akafumba macho mikononi mwa Anisia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mume, Damian, watoto, Anisia, Marcel na Zita, wajukuu saba, kaka yake Pantaleo, na Mama Tereza, ambaye ameomba akae karibu na jeneza mpaka mwisho.

Mungu mwema, mpokee mja wako Klara, umpe pumziko alilolitolea jasho.