Siti ya Watu Wawili

Msimu wa pamba ukifika, Ngokolo hakuna anayefagia akamaliza. Malori yanapita tangu alfajiri kwenda kiwandani, na kila lori linaacha nyuma yake nyuzi nyeupe zisizojua kuanguka. Zinaelea barabarani, zinapita juu ya vichwa vya watu, zinatua kwenye vikombe. Loveness, muuza kahawa wa pale kona, amechoka kuzitoa kwa kidole, siku hizi anamimina juu yake. Kando ya birika lake kuna benchi la mbao na wateja wa kila siku: Marselino, anayeitwa Bunge maana akianza kusema hakatiziki, Davis fundi umeme, jina lake Volti, na Ndaki, jina lake Kapi, aliyeshika kamba ya winchi machimboni Geita miaka kumi na minne. Mwisho wa benchi, upande wa Ndaki, Mihayo anaegesha baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Yeye hana jina la utani. Walishajaribu kumpa, akawatukana wote watatu kwa zamu.

— Jumamosi nakwenda, alisema Mihayo asubuhi hiyo. Na safari hii napanda.

Hakuna aliyeuliza anapanda nini. Jumuiya yao ya kanisani inakwenda Mwanza, kwenye bustani ya michezo ya kando ya ziwa, na huko kuna gurudumu kubwa lenye viti vinavyoning'inia, linapandisha watu taratibu mpaka juu ya maji. Mwaka jana Mihayo alikwenda. Mlinzi wa getini alimtazama, akatazama baiskeli, akamwonyesha kivuli. “Mzee wewe kaa pale, utawashikia wenzako mikoba.” Akashika mikoba kumi na miwili na viatu vya kwaya mpaka jua likageuka. Tangu hapo gurudumu lile halimtoki. Anakunywa uji, linazunguka. Anasikiliza mahubiri, linazunguka, viti vyake vitupu, kimoja baada ya kingine vinamjia, vinapunguza mwendo kama vinamtambua, halafu vinapita.

— Mimi nimelifikiria kitaalamu, alisema Davis. Tatizo si miguu. Tatizo ni pale chini, kuingia. Ukishaingia, miguu haina kazi. Kule juu hata mimi miguu yangu ni mzigo tu.

— Na kuingia utamwingizaje, Volti?

— Tunafunga winchi. Kapi yupo, kamba zipo.

— Winchi utaifunga wapi?

— Kwenye lile gurudumu lenyewe.

— Kwa hiyo gurudumu linapanda, na winchi inapanda nalo, alisema Marselino. Na Mihayo amebaki chini ameshika kamba. Umeme wa mtaa huu unakatika bure, kumbe fundi ndiye huyu.

Loveness akacheka mpaka birika likatikisika.

— Bunge, leta wewe wazo lenye akili, alisema Mihayo.

Marselino akakunja mguu juu ya mguu. — Tusibebe mtu. Tunavaa mashati meupe, sote watatu. Tunafika getini, mimi nina faili kwapani. Nasema, huyu ni mkaguzi wa magurudumu, katoka mkoani, amekuja na gurudumu lake la mfano. Watalisimamisha wenyewe. Watamuinua wenyewe, na soda watampa.

— Na akiulizwa swali la ukaguzi?

— Mkaguzi haulizwi. Mkaguzi ananuna. Na kununa, huyu bwana anahitaji mafunzo?

Mihayo mwenyewe akatabasamu, kidogo, akaficha kwa kikombe.

— Halafu kuna jambo hamlijui, aliendelea Marselino, sauti imeshuka. Kule juu kabisa gurudumu huwa linasimama. Mtu akikaa pale muda wa kutosha, damu inasahau njia yake. Inatoka kichwani, inatafuta pa kwenda. Sasa ikisahau njia, si itapita hata miguuni ilikohama?

— Nani kakwambia?

— Inajulikana.

— Na kule juu unaona mpaka Ukerewe, alisema Davis. Unaona mpaka Nkome, dagaa wameanikwa, unawahesabu. Kuna mama alipanda asubuhi akaona mvua ya jioni inavyojiandaa. Akarudi akaanua nguo zake.

— Yuko Mwanza, na nguo zake ziko huku Shinyanga?

— Ndiyo maana alipanda basi la haraka.

Ndaki alikuwa anazungusha kikombe. Mtu huyu, miaka kumi na minne mdomoni mwa duara, na duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, hajawahi kushuka hata mara moja. Kupanda ndiyo usiseme. Bati la nyumba yake likivuja anaita fundi, halafu anaingia ndani asimwone fundi akiwa juu. Lakini kamba aliijua. Mtu wa chini hapigi kelele, hazisikiki. Anavuta kamba: mara moja, simama, mara tatu, nishushe, mara mbili, nipandishe. Siku duara lilipomeguka na Mihayo yuko ndani, wote juu walishaanza kuvua kofia. Ndaki akasema nyamazeni. Kamba ilikuwa imetikisika mara mbili, hafifu, kama samaki anayejiuliza. Akavuta. Miguu ya Mihayo ilikuja imekufa, lakini Mihayo alikuja.

— Unajua nini, alisema Mihayo, na hakuwa anamwambia mtu. Winchi ilikuwa ikisimama katikati, juu kuna jua dogo kama kitufe cha shati, chini giza, unaning'inia tu. Wenzangu walikuwa wanaogopa. Mimi nilikuwa nasema, ningekaa hapa. Hapa sidaiwi kutembea. Nataka nikaning'inie hivyo tena. Safari hii chini kuwe na maji na mwanga.

Pamba ikapita.

Ndipo akaja Salome, katibu mpya wa jumuiya, aliyehamia juzijuzi kutoka Ushirombo, daftari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu, mama yangu. Karibu kahawa.

— Asante, mama, nina haraka, nafunga orodha sasa hivi. Baba Zipora, nilikuandika kwa watakaokaa kivulini, ukanitumia ujumbe mkali.

— Nilikusudia uwe mkali, alisema Mihayo.

— Basi nimepiga simu kule. Kupanda wanakubali. Wanasimamisha gurudumu, mlango unafunguka, wenzako wanakubeba wanakuketisha. Sharti ni moja. Siti ni ya watu wawili, na asiyeweza kutembea lazima akae na mtu mzima mpaka mwisho.

— Binti yangu, Zipora, alisema Mihayo.

— Zipora ana mimba ya miezi saba, Baba. Hawampandishi. Akatazama benchi, kalamu tayari. — Sasa, nani anakaa naye?

Swali dogo hivyo. Marselino akatafuta kitu mfukoni. Akasema mgongo wake haupatani na viti vya chuma. Davis akasema lazima mtaalamu mmoja abaki chini, kuangalia umeme. Loveness akachochea mkaa uliokwisha kuwaka. Wanaume waliokuwa wamemwona mama akiitazama mvua ya jioni, hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuweka kisigino kwenye lile gurudumu.

— Basi nikurudishe kivulini? aliuliza Salome, kwa upole, na upole ule ulimchoma Mihayo kuliko mlinzi.

Alifungua mdomo amjibu vibaya.

Chini ya makalio yake kuna mto, ameufunga kwa kamba, na mkia wa kamba ile huning'inia upande wa benchi. Kamba ikatikisika. Aliisikia kiunoni, pale ambapo bado anasikia. Mara moja. Akangoja. Mara ya pili.

— Andika Ndaki, alisema Mihayo.

— Mwenyewe hajasema.

— Amesema.

Salome akamtazama Ndaki. Ndaki hakumtazama mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeikamata kamba, kahawa ikamwagikia goti kutoka mkono wa pili, na lori la pamba lilipopita akachagua uzi mmoja mweupe uliokuwa unapanda, akaufuata kwa macho juu ya mabati, juu ya nyaya za umeme, mpaka shingo yake ilipofika mwisho.