Shangazi na Skrubu Nne za Boti ya Zahanati

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Shangazi atavua buti zake za mpira kwa mara ya mwisho katika karakana hii ya boti. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, yote katika kitengo cha usafi, na karibu yote akiwa amekodolea macho sehemu moja tu ya boti: ule ukanda mwembamba ambapo maji yanaishia na ubavu mkavu unaanzia.

Jina hilo alilileta mpwa wake, aliyekuwa mchomeleaji wetu. Alimwita shangazi mbele ya watu, sisi tukadandia, na hadi leo hata mhasibu anayemzidi umri anamwita hivyo bila haya.

Kwa wenzetu wa ofisini, ambao hushuka huku chini siku ya kupiga picha tu, tueleze kazi yenyewe. Boti ikikaa majini miezi, huvaa mstari wa njano unaoelekea kahawia, kama ule wa ndani ya kikombe cha chai kisichosuguliwa. Sabuni hauijui. Unaondoka kwa asidi ya kupaka kwa brashi, kuanzia chini kwenda juu ili isichirizike. Unasubiri dakika kumi, unasuuza, kisha unamwagia maji ya magadi kuua ukali uliobaki. Ukizidisha, faiba, ile ngozi ya boti, inafubaa. Ukiacha asidi kwenye chuma, inakula. Wapo waliotaka kutumia msasa wamalize haraka. Shangazi aliwanyang'anya. “Doa halipigwi,” aliwaambia, “linabembelezwa.”

Na alikuwa na wasiwasi, jamani. Kila boti aliijaribia asidi kwanza pale nyuma pasipoonekana, eneo la ukubwa wa kiganja, hata boti aliyokwisha kuiosha mara kumi na tano. Jioni alikuwa akifika kituo cha basi, anakumbuka bomba, anarudi. Bomba limefungwa. Anaondoka, anarudi tena. Mlinzi wa getini aliacha kumwandika kwenye daftari mpaka atoke mara ya tatu. Boti ikiteremshwa majini, yeye huipa mgongo, mikono kifuani. “Imeelea?” “Imeelea, Shangazi.” “Haijalala upande?” “Haijalala.” Ndipo anageuka. Fundi wetu wa injini alimwita Bi Hofu, naye hakukasirika. Alimjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwamba yeye amechagua kuchekwa.

Katika miaka yote hiyo hakuna jicho lililoungua kwenye kitengo chake. Ni yeye aliyedai miwani, ni yeye aliyetufunga glovu kwa utepe kwenye kifundo cha mkono, mtu mmoja mmoja, kama mama anayevalisha watoto wa shule. Boti mia nane na zaidi zimepita mikononi mwake.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Miaka kumi na moja iliyopita nilihamishwa kutoka stoo kuja kitengo cha usafi. Nilikuwa na miaka arobaini, watoto watatu, na barua ya majaribio ya miezi mitatu. Katika mwezi wa pili ililetwa boti ya zahanati, ile inayopeleka chanjo visiwani, ing'arishwe kabla ya ukaguzi. Shangazi alimaliza ubavu wa kulia. Alipokuwa ameshapaka asidi ubavu wa kushoto, simu yake ikalia. Binti yake, kifungua mimba wake, alikuwa anapelekwa chumba cha upasuaji kujifungua.

Alinikabidhi brashi huku akivua glovu. Nisuuze, nimwage magadi, kisha nifungue kile kichujio cha bati kinachofunika tundu la maji ya kupoza injini, nisuuze nyuma yake, maana asidi hujificha pale na kula skrubu, na zikikatika uchafu huziba tundu, injini ikazimika katikati ya maji. Skrubu nne. Nikaitikia, akakimbia.

Nilisuuza. Nilimwaga magadi. Skrubu zilikuwa zimekaza, dereva wa trekta alikuwa akipiga honi aivute boti, nami nikajiambia maji yamekwisha kupenya huko nyuma yenyewe. Nikaiacha.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa kwenye korido ya hospitali, nasikia magurudumu ya vitanda yakipita.

“Mwanangu bado yumo ndani,” alisema. “Kichujio umekifungua?”

“Nimekifungua, Shangazi. Usiwe na wasiwasi.”

Asubuhi yake saa mbili boti iliondoka. Saa tatu Shangazi akaingia na nguo zake za jana, macho mekundu, anacheka. Mjukuu wa kiume, mama mzima, mtoto mzima. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru, kwamba usiku kucha alikuwa na hofu mbili, na moja niliiondoa mimi.

Kama angenifokea ningestahimili. Shukrani ile ilinishinda. Nikamwambia ukweli.

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliuliza swali moja tu.

“Wako wangapi humo?”

“Sita. Muuguzi, nahodha, mzee wa mguu wa bendeji, na mama mmoja na pacha wake wachanga.”

Akainuka. Nilimfuata hadi mlangoni kwa meneja, akanizuia kwa kiganja, akaingia peke yake. Nilisikia kila neno.

“Kichujio cha kushoto hakikusuuzwa, Mkuu. Kazi ilikuwa yangu. Naomba boti irudi.”

“Shangazi, skrubu ni za chuma, si biskuti. Kwa usiku mmoja zitafanywa nini?”

“Sijui. Ndiyo maana naomba irudi.”

“Na ikirudi nzima?”

“Basi nitakuwa nimeaibika, tumshukuru Mungu.”

Meneja aliita kwenye redio. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, mikwaruzo. Nahodha akajibu mara ya tatu kwamba wako mbali, kwamba kila kitu ni sawa, halafu akaguna na kugeuza boti. Tukasubiri saa moja na dakika arobaini. Watu huona kusubiri ni kukaa. Kule gatini kusubiri kulikuwa kazi ya jasho. Safari hii Shangazi hakuyapa maji mgongo. Alisimama ukingoni, midomo ikitembea bila sauti, na kila nukta nyeusi ilipotokea alinyoosha shingo, ikawa ndege, ikawa gogo. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiwahesabu wale pacha, mmoja, wawili, mmoja, wawili, kana kwamba nikiacha kuwahesabu watapungua.

Boti ikatokea. Wote sita wakiwa wazima, na wamenuna.

Ikavutwa nje, fundi wa injini akafungua kichujio. Skrubu nne, nzima. Moja ilikuwa na unga mweupe shingoni, akaupangusa kwa kidole gumba. Akasema zingekaa miaka mitano. Kisha akacheka, na karakana nzima ikacheka, isipokuwa muuguzi.

“Watoto arobaini wananisubiri juani,” alisema, “na nimerudishwa kwa skrubu nne?”

Shangazi alimwomba radhi yeye, akamwomba nahodha, akambebea mzee mfuko wake, akampokea yule mama mtoto mmoja. Chanjo zikarudishwa kwenye friji, wale watoto wakasubiri hadi kesho yake. Siku tatu baadaye Shangazi akapewa barua ya onyo kwa uzembe na kuvuruga huduma ya umma. Mwaka ule alitarajiwa kuwa msimamizi wa kitengo. Cheo akapewa mwingine. Wakati wote huo jina langu hakulitamka.

Nilimuuliza sababu. “Barua hii kwako ingekuwa ya kukutoa kazini,” alisema. “Kwangu ni ya kuniudhi tu. Lakini ungeninyamazia hadi jioni, ningekutoa mwenyewe.”

Mwezi uliopita, nilipoombwa kuandika wasifu huu, nilipewa jalada lake nichukue tarehe. Barua ile imo. Nilikaa nayo wiki nzima. Wiki ya pili nikaenda kwa meneja wetu wa sasa nikamwambia ilikuwa yangu. Akamwita Shangazi, naye aliponiona pale alikasirika kuliko siku ile ya boti.

“Umeifukua ya nini? Mimi naondoka, wewe unabaki!”

Barua imetolewa kwenye jalada lake. Kwenye langu yamewekwa maelezo niliyoandika kwa mkono wangu, nami nasubiri uamuzi. Usingizi nimeusahau. Kila asubuhi wiki hii Shangazi amekuja kwenye meza yangu kabla ya kuvaa buti. “Wamekuita?” Bado. Ananitengenezea chai, anaondoka akitikisa kichwa.

Alikubali haya yachapishwe kwa sharti moja: niandike wazi kwamba skrubu zilikuwa nzima, asije mtu akavumisha kwamba boti ile ilikaribia kuzama. Haikukaribia. Nimeandika.

Shangazi, kwa niaba ya kitengo cha usafi, mafundi, mlinzi wa getini na mimi mwenyewe, asante kwa miaka ishirini na tisa ya kuturudisha nyuma kutazama tena. Mikono yako ipone mipasuko, mjukuu wako akuchoshe kwa michezo, na mvua ikinyesha isiwe lazima ujue ni boti ipi iko majini. Pumzika kwa heri na afya. Nikija kukusalimia, usiulize kama wameniita. Nitakuwa nimekwambia kabla sijaketi.