Mchanga wa Mama Ajiambo

Margaret Ajiambo anastaafu Alhamisi tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na tisa katika kitalu chetu cha miti ya dawa hapa Voi.

Alitoka Busia kumfuata bwanake aliyekuwa akifanya kazi reli. Aliandikwa kumwagilia maji. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa anafanya kitu ambacho sisi mpaka leo tunatazama tu: anakata kijiti cha muthiga, ule mti wa dawa ya kifua, anakidunga kwa mchanga, na baada ya miezi miwili kina mizizi.

Siri yake ni mchanga. Anataka ule wa Mto Voi, wa chini kidogo, na anauosha kwa karai mpaka maji yatoke safi. Anachanganya na makaa yaliyopondwa, halafu anakamata ngumi, anaufinya na kuachia. Ikibaki donge, anamwaga yote. Takataka za mkonge kutoka Mwatate alijaribu mwezi mzima akakataa, zinashika maji sana. Udongo mweusi wa msitu, ambao kila mgeni anausifu, alikuwa anaunusa na kucheka: "Huu ni wa mtoto mwenye meno," yaani mche ulio na mizizi tayari.

Mwaka wa 2012 alienda nyumbani kumzika mamake. Aliacha vijiti mia mbili vya muthiga, vyote vya mti mmoja mzee wa Kasigau, ambao ulikuwa umeanguka. Hakukuwa na mwingine. Vikaoza. Ikasemekana alichagua mchanga mbaya, akaondolewa usimamizi wa kitalu aliokuwa amepewa na kurudishwa kwa ndoo za maji miaka mitatu. Kiti chake nikapewa mimi.

Sasa wacha niseme. Ni mimi, Munyao, niliyetia mbolea ya mbuzi kutoka Marungu kwa ule mchanga. Niliuona hauna nguvu, nikataka akirudi akute vimenona. Vilipoanza kuwa vyeusi chini, nikanyamaza.

Aliporudi aling'oa kimoja, akanusa, akaniangalia. "Munyao, fimbo haina mdomo bado, na wewe unailisha?" Hakumwambia mtu mwingine. Vijiti kumi na moja vilikuwa bado vizima juu. Akavikata juu ya ule weusi, akavidunga upya kwa mchanga wake. Saba vilishika. Ndio hiyo miti saba hapo kwa geti, na kila mche wa muthiga tuliouza mpaka Taveta umetoka kwayo.

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema hakuwa na wakati, vijiti vilikuwa vinakauka.

Meneja nimemwambia. Barua ya 2012 ya kumshusha cheo ilitolewa kwa faili yake jana.

Mama, asante, na unisamehe. Ulituambia udongo wa kwenu ni mzito kama ugali, kwa hivyo nimekuoshea gunia moja la mchanga wa Voi, karai kwa karai, mpaka maji yakatoka safi. Lakini ukifika Busia, kamata ngumi kwanza. Safari njema, na kila utakachodunga kishike.