Mwalimu Monicah Robi na Darasa Lililotembea

Baba Paroko, walimu na wanafunzi wa Mtakatifu Anselmo, wazee wa ukoo, mashemeji zetu mliotoka Ikerege alfajiri, majirani na marafiki, naitwa Beverlyne, mke wa Austine, na familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma historia ya mama mkwe wangu kwa sababu nimekaa naye boma moja miaka kumi na sita, na pia, kama alivyosema shemeji yangu Caleb, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nitasoma polepole, na wale watoto waliopanda juu ya udongo wa kaburi naomba washuke.

Kuna jambo moja ambalo Austine ameniomba nisiliruke. Wengi wenu mmeketi hapa mkijiuliza, kama mlivyojiuliza miaka mingi huko Sori na Karungu, ilikuwaje mwalimu aliyewarudisha darasani watoto wa kila mtu akashindwa na wa kwake mwenyewe. Mtalisikia mahali pake.

Mwalimu Monicah Robi alizaliwa tarehe 3 Septemba 1959, kijijini Ikerege, Kuria, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Marwa Gesabo na mama Boke, wote marehemu. Alianza shule ya misheni Januari 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akiwa msichana pekee aliyefika mwisho kati ya kumi na mmoja walioanza pamoja, kwani wengine waliolewa mmoja mmoja, leo dawati lina mtu, kesho halina, na somo likaendelea. Yeye mwenyewe alisema kwamba hakuwazidi akili, ila kwake wazee walichelewa kuelewana juu ya ng'ombe, na kabla hawajaelewana matokeo ya mtihani yakatoka. Jambo lililomkaa moyoni ni kwamba kwa wale kumi hakuna mtu yeyote aliyekwenda nyumbani kwao kuuliza wako wapi.

Alisoma shule ya upili ya wasichana iliyoendeshwa na masista kuanzia 1974 hadi 1977, kisha akaingia Chuo cha Ualimu cha Asumbi, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1979. Januari 1980 alipelekwa shule ya Kikatoliki upande wa Mbita, akapewa darasa la kwanza, ambalo hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, naye Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huko, hakujua hata salamu. Watoto walimcheka mpaka wengine wakashikilia madawati, na yeye akawaambia, "Chekeni, mkimaliza mnifundishe," basi asubuhi akawafundisha kusoma na mchana wao wakamfundisha kusema, na kufikia likizo ya Agosti aliweza kugombana na wauza samaki sokoni na akashinda.

Huko Mbita ndiko alikokutana na fundi wa mashua kutoka Karungu aliyekuja kutengeneza mashua ya parokia, Barnabas Olweny, wakafunga ndoa takatifu tarehe 10 Desemba 1983. Hapa Nyandago walimwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, mwanzoni kwa wasiwasi na baadaye kwa heshima, na jina hilo ndilo lililomtangulia kila mahali. Mungu aliwajalia watoto watatu, Caleb aliyezaliwa 1984, ambaye ni fundi wa magari mjini Migori, Austine aliyezaliwa 1989, na Liz aliyezaliwa 1993, ambaye anafanya kazi Homa Bay.

Mwalimu alihamia Shule ya Msingi ya Mtakatifu Anselmo Januari 1986, akafundisha hapo miaka thelathini na mitatu bila kuhama. Wazee wa shule mnakumbuka ilivyokuwa, madarasa manne ya udongo na kanisa katikati, Ijumaa kila mtoto anakuja na jerikeni ya maji kichwani ili sakafu zisafishwe kabla ya Misa, saa sita kamili kengele inalia na shule nzima inasimama palepale, aliyeshika jembe na jembe lake, aliyeshika chaki na chaki yake, inasali Malaika wa Bwana, kisha kelele zinarudi kama hazikuwahi kukoma. Mwalimu alipenda dakika ile kuliko zote, kwa sababu, alisema, watoto wote wakiwa wametulia ndipo unaona nani hayupo.

Mwaka 1987, mwezi wa Juni, mtoto wa darasa la tatu aitwaye Joash hakuonekana siku nne. Mwalimu alikwenda kwao jioni, mama wa Joash akamweleza kwa adabu kwamba kijana anachunga mbuzi, na mbuzi hawawezi kujichunga, wakaagana vizuri na kesho yake Joash hakuja. Siku ya sita Mwalimu alimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akawapanga watoto wa darasa la tatu mstari, wote thelathini na wanane, wavulana wawili wakabeba ubao, akaenda nao mpaka nyumbani kwa Joash, akaegemeza ubao kwenye ghala la mahindi, akaanza hesabu pale alipoachia jana.

Ninyi mnajua desturi yetu, mgeni haondoki nyumbani kwa mtu bila kutiwa kitu mdomoni, na hawa walikuwa wageni thelathini na wanane pamoja na mwalimu wao, wameketi kwa utaratibu na hawaonyeshi dalili ya kuondoka. Mama wa Joash aliazima sufuria nyumba tatu, akapika uji, akakopa vikombe mpaka kwa katekista, na watoto walipokunywa wakasema asante kwa pamoja kama walivyofundishwa, jambo ambalo anasema ndilo lililommaliza kabisa. Kesho yake Joash alifika shuleni kabla ya mlinzi kufungua lango. Mama huyo yuko hapa leo, ameniruhusu nisome maneno yake, alisema, "Afadhali mbuzi wapotee wote kuliko Nyar Kuria aniletee tena harambee ile."

Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila ilipobidi, kiangazi na masika, na darasa lake halikubaki nyuma, kwa sababu kule walikokwenda walisoma na njiani walisoma, walihesabu nguzo za ua, walitaja majina ya mimea, waliimba rozari mwezi wa Oktoba wakipita mashambani, na mimi nilipoolewa hapa nilidhani ni maandamano ya sikukuu. Walikwenda nyumba za matajiri na za wasio na kitu, na palipokuwa hapana unga Mwalimu alijua mapema, akawabebesha watoto unga kidogo kidogo kwenye mifuko, ili mwenye nyumba apike chake na asiaibike. Jambo hilo sikulijua mpaka nilipoanza kuandika historia hii na watu wakaja kunisimulia. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini hapo niliweka kalamu chini.

Mume wake, mzee Barnabas, alifariki tarehe 8 Mei 2001, Austine akiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila karo, watoto wakafurika, darasa la nne ambalo Mwalimu alifundisha likawa na wanafunzi tisini na wanne, wengine wanaandikia magotini, na mwaka huohuo ambao watoto wa kila mtu waliingia shuleni, wa kwake alitoka. Austine alikuwa darasa la saba, alianza kwenda ziwani Ijumaa, halafu Alhamisi, halafu Machi hakurudi. Huko Sori walisema Nyar Kuria atafuata wa wenzake, wa kwake atamfunika na blanketi.

Alhamisi, tarehe 20 Machi 2003, aliwapanga wote tisini na wanne akaenda nao mpaka ufuoni Sori. Wavuvi walikuwa wanavuta nyavu, Austine akiwa kati yao, na mwenye mashua alimwambia, "Kijana, mama yako amekuja na serikali yote." Mwalimu hakumwita. Aliandika kwa chaki kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa, akafundisha sehemu, nusu na robo na thumuni, na wanawake wa samaki wakaacha visu wakasikiliza. Katikati ya somo Austine alikuja karibu, akasema mbele ya watu wote, "Mama, rudisha watoto wa watu nyumbani. Mimi sirudi."

Wenye vibanda waliwapa watoto chai, kwa sababu desturi ni desturi hata kama aibu imeshaingia. Mwalimu alimaliza somo, akaketi juu ya mashua, akasahihisha madaftari tisini na manne, kila moja, huku mwanawe akikunja nyavu hatua ishirini kutoka pale, kisha akawaamuru wajipange mstari, wakarudi. Jioni alimpakulia Austine chakula kama siku zote, na suala hilo hakulitaja tena, siku hiyo wala mwaka huo wala miaka iliyofuata.

Jumatatu yake mtoto mwingine, Linet, hakuonekana. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimshauri apumzike kidogo mpaka watu wasahau, maana atasimamaje mbele ya mzazi mwingine wakati wa kwake amekataa hadharani. Alijibu, "Wangu amenijibu. Huyu bado sijamuuliza," akachukua chaki akaenda, na Linet akarudi. Linet anasema njiani wanaume waliokuwa dukani walipiga mluzi na kumuuliza Mwalimu mbona hana mwanawe kwenye mstari, na yeye aliwaamkia mmoja mmoja kwa majina, kwani karibu wote alikuwa amewafundisha.

Mwalimu alistaafu tarehe 3 Septemba 2019, akakaa nyumbani na kuku wake. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa Januari 2021 mimi sikumrudisha binti yangu Cate, aliyekuwa darasa la tano. Sitajitetea wala sitaomba radhi sana, nilikuwa na mtoto wa miezi minne, nilikuwa na dagaa wa omena wa kuanika, na nilihitaji mtu wa kumshika mtoto. Wiki ya pili, asubuhi moja, Mwalimu aliketi na Cate mlangoni kwangu wakisoma kitabu kimoja, na Austine alipotoka ziwani na nyavu begani Mwalimu alimwambia mwanawe, "Baba, mimi sina darasa tena la kumletea huyu."

Austine aliweka nyavu chini, akanawa miguu, akavaa shati la Jumapili, akampakia Cate kwenye baiskeli, akaenda Mtakatifu Anselmo ambako hakuwa amekanyaga tangu atoke. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa Fanuel, waliyekaa naye dawati moja, na alipomwona mlangoni alimwambia, "Austine, umechelewa miaka kumi na minane." Austine akasema, "Najua. Leo nimemleta anayewahi." Aliporudi, mama yake alimuuliza kama jina la mtoto limeingia kwenye rejista, akasema limeingia, naye akamwambia basi njoo ule. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kuanika omena yangu. Kila siku ya shule baada ya hapo Austine ndiye aliyempeleka Cate, ziwa limetoa au halikutoa, mpaka alipofanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2023, na sasa yuko kidato cha pili.

Kwa hiyo wale mnaouliza kama Nyar Kuria alishindwa na mwanawe, Austine amesimama pale karibu na jeneza, muulizeni. Mimi nimeandika nilichoona.

Mwezi wa Novemba 2024 Mwalimu alianza kupata shida ya kumeza. Alipimwa katika hospitali ya kaunti huko Homa Bay, akagundulika kuwa na saratani ya umio, akapelekwa Kisumu kwa matibabu kuanzia Januari, akavumilia yote, na mwezi wa Mei madaktari walituambia ukweli na yeye akaomba aletwe nyumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, watoto wake watatu wakiwa chumbani. Ameacha wajukuu wanane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay na Kisumu, hasa wale waliotuambia ukweli mapema, inamshukuru Baba Paroko aliyemletea Komunio kila Ijumaa, Jumuiya ya Mtakatifu Rita waliotuchotea maji siku kumi hizi bila kuitwa, mashemeji zetu wa Ikerege, na walimu wenzake wakiongozwa na Fanuel, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu.

Tangazo la mwisho ni la wanafunzi. Leo ni Ijumaa na mmeruhusiwa kuja kumzika mwalimu wenu, Jumatatu kengele italia saa moja na nusu kama kawaida, na hakuna mtu atakayekuja nyumbani kuwafuata, kwa hiyo mtakwenda wenyewe, na sisi wazazi tutawaachilia.

Mwalimu Robi, umetembea vya kutosha, keti sasa, pumzika kwa amani.