Historia ya Mzee wa Nje, na Sentensi Ambayo Haimo

Ndugu, majirani na wote mliofika kumzika baba yetu, naomba walio nyuma wasogee mbele, viti bado vipo, maana sauti yangu si kubwa na sitapenda kurudia. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, mnayemwona ameketi karibu na jeneza, lakini tangu jana hatujaelewana juu ya sentensi moja, yeye akasema hawezi kusoma karatasi isiyo nayo, mimi nikasema sitaiandika, basi karatasi imebaki mikononi mwangu. Mimi ni mkwe wa marehemu, mjane wa mwanawe wa pili, na ndiye niliyekuwa naye chumbani siku zake za mwisho. Sentensi yenyewe nitaieleza nitakapoifikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee wa Nje, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, akiwa mtoto wa mwisho wa mpiga kengele wa kanisa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshikana na ukuta wa kanisa lenyewe, kiasi kwamba, kwa maneno yake, aliijua kengele kabla hajajua jina lake. Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961, akiwa mwanafunzi wa kawaida, hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1962 na kuhitimu mwaka 1964 katika fani ya mabomba na mitambo.

Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliacha kwenda kanisani. Watu wengi wameniuliza ni nani alimkosea, au alifiwa na nani, na jibu ni kwamba hakukosewa wala hakufiwa, aliona tu kwamba kila Jumapili anasimama na wenzake kutamka maneno ambayo yeye hayaamini, akauona huo kuwa uongo, na uongo ulimshinda kama pilipili inavyowashinda wengine. Baba yake, mpiga kengele, alikaa miaka mitatu bila kumsemesha, ingawa walikula meza moja.

Alifunga ndoa na mama mkwe wangu tarehe 18 Desemba 1971, katika ofisi ya serikali, mbele ya karani na mashahidi wawili, kwa sababu mchungaji wa wakati ule alipomuuliza kama yuko tayari kuahidi mbele za Mungu, alimjibu kwamba ahadi kwa mwanamke huyu anaitoa yote, hata sasa hivi, ila hawezi kuitoa mbele ya asiyemwona. Wazazi wa bibi harusi hawakufika. Mama aliendelea na kanisa lake, na kila Jumapili, kwa miaka thelathini na mitano, marehemu alimsindikiza hadi getini, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la duka la viatu mpaka ibada iishe, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Hapo ndipo lilipotoka jina lake, maana waumini walimtania wakipita, "Mzee wa Nje, ingia basi, jua litakumaliza," naye akawajibu, "Tangulieni, mimi bado nachagua viatu." Walijaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza alizaliwa mwaka 1973, ndiye shemeji yangu, na wa pili, mume wangu, mwaka 1977. Mama alifariki tarehe 2 Septemba 2006, akazikwa katika makaburi ya kanisa, na siku hiyo marehemu alisimama mbele kabisa, nyimbo zikaimbwa zote, midomo yake haikusogea, wapo waliosema ana moyo mgumu. Mimi nilimwona akirudi nyumbani. Alipita mlango wake akaenda hadi mwisho wa mtaa, akasimama, akageuka.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 3 Februari 1965 katika mtambo wa kusafisha maji wa mji, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2001. Alianza kama msaidizi wa pampu, akapanda hadi msimamizi wa zamu, kisha akashuka. Kushuka kwake hakukuwahi kuelezwa hadharani, na mwenzake wa zamu, ambaye leo ni mzee wa kanisa na yuko hapa, ameniruhusu nieleze. Jumapili ya tarehe 21 Mei 1989, walipokuwa wakikabidhi zamu asubuhi, walikuta tangi la dawa ya kuulia vijidudu limekauka, na maji yamekwenda mjini bila dawa kwa muda ambao hakuna aliyeujua, na aliyepaswa kulikagua tangi hilo alikuwa marehemu. Mwenzake akamwambia, "Jaza tangi, tunyamaze, tumwombe Mungu wasiugue," naye akamjibu, "Wewe una wa kumwachia, ndugu yangu, mimi sina, mimi itabidi nipige simu." Akampigia mkubwa wao, akataka redio itangaze watu wachemshe maji, akasema kosa ni lake. Alishushwa cheo, akapelekwa kusafisha machujio, kazi ya kuingia kwenye matope hadi kiunoni, akaifanya kwa miaka kumi na miwili iliyobaki. Hakuna mtu aliyeugua, kwa hiyo hakuna aliyemshukuru, wapo hata waliomcheka kwamba alijichongea bure. Mwenzake ananiambia kwamba wakati ule alimwona mjinga, na kwamba baadaye, kila alipomwona amekaa kwenye lile benchi la duka la viatu, yeye mwenyewe akiwa ndani amevaa suti, alishindwa kuimba beti za mwisho.

Mume wangu alifariki kazini tarehe 9 Agosti 2016, akaniachia watoto wawili. Wiki ya tatu, wageni walipokwisha kuondoka, marehemu alikuja kwangu na sanduku moja na redio, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, nimekuja kuchukua zamu ya jioni, wewe nenda kazini," maana mimi ni mpishi wa bweni na narudi nyumba ikiwa imelala. Hatukuzungumza tena jambo hilo. Alipika vibaya, alifua vizuri, alisahihisha hesabu za watoto kwa ukali usio wa lazima, na mgeni aliyesali kwa muda mrefu kabla ya kula alimwambia chakula kinapoa. Sitawaambia kwamba ilikuwa rahisi kuishi naye. Binti yangu, akiwa na miaka sita, alimuuliza kama baba yake anatuona kutoka juu, naye akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi sidhani." Mtoto alilia mpaka akatapika. Nilimwambia, "Baba, si ungenyamaza tu?" akaniambia, "Aliniuliza mimi, mama, angekuuliza wewe ungemjibu lako." Nilikasirika siku nyingi. Lakini tangu siku ile hadi alipougua, mtoto hakulala peke yake, babu aliweka kiti mlangoni pake akakaa hapo hadi apate usingizi, na mimi niliyemwambia baba yake anatuona, nilikuwa bwenini nikisugua masufuria.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 2022, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, hospitali ikagundua kwamba moyo wake umepanuka. Alilazwa mara nne, na mara ya mwisho daktari alituambia tumrudishe nyumbani akapumzike, marehemu akamuuliza kama maana yake ni kufa, daktari akasema ndiyo, marehemu akamshukuru, akamwambia yeye ndiye mtu wa kwanza kumjibu mwaka ule mzima.

Sasa nimefika kwenye sentensi. Mama amelala katika makaburi ya kanisa, na kwa utaratibu wa kanisa, ambalo ni kanisa langu pia, asiye muumini hazikwi humo. Mchungaji wetu ni mtu mwema, jana alikuja jikoni kwangu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vyote vilikuwa nje, akaniambia, "Mama, nipe neno moja tu la kushika, nami nitavaa joho." Shemeji yangu ametaka niandike kwamba siku mbili kabla ya kufariki, marehemu alitubu na kumpokea Mungu. Hakulizusha. Alilisikia kwa binti yangu, ambaye alimsikia babu yake akisema amina, na amina hiyo ni kweli ilisemwa. Kwa hiyo makaburi mawili yamechimbwa, moja kando ya mama, jingine katika makaburi ya mji nyuma ya kiwanda cha matofali, na mchungaji amesema atalifuata nitakalolisema mimi, kwa kuwa mtu mzima aliyekuwa chumbani ni mimi peke yangu.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumanne tarehe 15 Oktoba, mchana, nilikuwa nimemgeuza na kumbadilishia shuka kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, nikapiga magoti kando ya kitanda kama nilivyozoea, nikaomba kwa sauti, na kwa uchovu nikajikuta siombi tena kwa ajili yake, najiombea mwenyewe, nikasema, "Mungu wangu, nipe usingizi wa usiku mmoja tu." Yeye akafumbua macho akasema, "Amina. Hilo hata mimi naliunga mkono." Tukacheka, akakohoa, nikamwinua. Nikamuuliza, maana nilijua sitapata nafasi nyingine, "Baba, amina hiyo ni ya kweli?" Akasema, "Ni ya kwako, mwanangu. Usije ukanipeleka nayo mahali." Hakusema jambo jingine kuhusu dini mpaka alipofariki, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Shemeji yangu aliniuliza jana, "Nani atakuja kukuhoji, shemeji, si ameshakufa?" Naelewa anachokitaka, anataka wazazi wake walale pamoja, hata mimi nakitaka. Mimi naamini, nimeamini tangu utotoni, na hakuna hapa aliyetamani sentensi ile iwe kweli kuliko mimi, kwa sababu kama si kweli, basi kwa imani yangu mwenyewe sijui kama nitamwona tena, na nyumba ile ina kiti mlangoni ambacho sijui nimkalishe nani. Lakini kama ningeandika, ningekuwa nimemwingiza kanisani kwa uongo mtu aliyekaa nje miaka hamsini na sita kwa sababu hakutaka kudanganya humo ndani. Wapo walioniambia kwamba asiyemcha Mungu hana kinachomzuia. Mimi ninayemcha, jana jioni nilishika kalamu mara mbili kuandika, na aliyenizuia ni yeye.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili.

Kwa niaba ya familia, namshukuru daktari aliyemjibu, wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani walioleta maji na turubai, wapishi wenzangu wa bwenini walioshika zamu zangu, wastaafu wa mtambo wa maji, na mchungaji aliyekubali kukaa kwenye ndoo na kusikiliza. Wanakwaya, najua mlikuja na sare, mkitaka kurudi nyumbani hakuna atakayewalaumu, na mkitaka kuja mje, njia ni ya kutembea.

Dereva, tunakwenda makaburi ya mji. Pumzika kwa amani, baba, zamu ya jioni naichukua mimi.