Mzambia Aliyestaafia Lipangalala: Maisha ya Mzee Evaristo Chileshe, 1937–1999

Baba Paroko, wazee wa Lipangalala, wafanyakazi wa reli, wageni wetu mliosafiri kutoka Mpika, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kuketi nasi, familia imempa Yoramu Mbano, fundi baiskeli na mtani wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Mzee Evaristo Chileshe, na ingawa si kawaida mtani kukabidhiwa karatasi siku ambayo angepaswa kuachiwa mdomo wake, marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo mwezi Julai, akazitaja tarehe zote kutoka kwenye daftari lake, na akaonya kwamba Mngoni huyu akiongeza chumvi atamtambua.

Mzee Evaristo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1937, katika kijiji kilicho jirani na Mpika, nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, kabila lake Mbemba, jambo ambalo hakuna aliyekaa naye dakika tano bila kulisikia kutoka kinywani mwake. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, akafika darasa la sita, na mwaka uliofuata akaanza kibarua cha barabara, akichimba mitaro na kubeba kokoto, kazi ambayo alisema ndiyo iliyomfundisha kuyaogopa maji kuliko alivyomwogopa simba.

Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na Bi. Fausta Mutale katika parokia ya kwao, wakajaliwa watoto wawili, Restituta aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye yupo nasi hapa mbele, na Polycarp aliyezaliwa mwaka 1966, ambaye yuko kazini mbali na hakuweza kufika. Mwaka 1973 ujenzi wa reli ulipoingia Zambia, Mzee Evaristo aliandikishwa miongoni mwa wajenzi, na mwaka 1976 akaajiriwa rasmi katika TAZARA kutunza njia. Januari 1984 akahamishiwa upande wa Tanzania, hapa Ifakara, akiwa mnyapara wa genge la watunza njia, na kwa miaka minane alitembea juu ya mataruma ya reli kila asubuhi, akiinama kwenye kila kalvati linalopitisha maji chini ya njia kuangalia kama maji yamekula tuta, akiandika alichokiona katika daftari. Bi. Fausta alibaki Mpika na nyumba, wakitembeleana kwa treni, hadi tarehe 19 Machi 1988 alipofariki dunia, na tangu siku hiyo Mzee Evaristo hakuoa tena.

Alistaafu tarehe 14 Aprili 1992, siku aliyotimiza miaka hamsini na mitano, na hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza wenzake wote, kwa sababu wakati kila Mzambia aliyestaafu alifunga mizigo na kurudi kwao, yeye alikwenda kutafuta chumba cha kupanga Lipangalala. Hesabu yake ilikuwa rahisi, kwamba pensheni ile ndogo kwao ingeisha kabla mwezi haujafika katikati, kwa jinsi bei zilivyokuwa zikipanda miaka ile, lakini hapa palikuwa na mchele, kambale, ndizi, na ardhi ambayo mtu mwenye jembe angeweza kuikodi, na alikuwa amekwisha kukizoea Kiswahili chetu. Alifuata kibali chake cha kuishi hadi Morogoro kwa basi, akakihuisha kila kilipokwisha, na hakuna ofisa aliyemkuta na karatasi iliyopitwa na tarehe.

Mwaka wa kwanza aliumia, na hili aliagiza lisifichwe. Alikodi ekari mbili za mbuga upande wa Kivukoni, akaziona nyeusi na zenye rutuba, na kwa kuwa kwao shamba zuri ni shamba la mahindi, akapanda mahindi, hakumuuliza mtu, naye Bi. Balbina Mchopa, mjane mwenye shamba la mpunga jirani, alipomwona akipanda alidhani labda Wazambia wana mbegu inayoogelea. Machi 1993 mto ulipanda, na mahindi yote yakasimama ndani ya maji hadi yakaoza. Watu walisema Pasaka haitafika kabla hajapanda treni, lakini Pasaka ilifika ikamkuta anakula matembele na kambale, na mwezi wa kumi na moja alikwenda kwa Bi. Balbina, akapiga goti, akamwomba amfundishe mpunga.

Mwaka huohuo wa 1993 ndipo alipoleta baiskeli yenye mnyororo uliokatika kwa Yoramu, na aliposikia kwamba fundi ni Mngoni wa Songea, alisimama akamtazama juu hadi chini, akamuuliza kama yeye ni wa wale wala panya. Yoramu alikuwa na koleo mkononi na angeweza kufanya jambo la kujutia, ila mzee alimweleza kwamba kwao Zambia Wabemba na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na kwa kuwa Yoramu hakujua namna ya kumjibu Mbemba, mzee mwenyewe akamfundisha tusi, kwamba Wangoni wa kule huwaita Wabemba wala nyani. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuwasikia wakiitana kwa majina ya ubatizo.

Kwa tabia ya kazi ya reli, kila masika Mzee Evaristo alikwenda mbugani kupigilia kigingi mahali maji yalipokomea, akakiandika mwaka kwa rangi nyeupe, na watu walimcheka, wakisema Mzambia anapima reli ya kuwapeleka viboko Malinyi, ng'ambo ya mto. Yeye aliendelea kupima.

Juni 1996 binti yake Restituta alikuja kumchukua, akakaa wiki mbili, akaiona nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga kwa mikono yake, akala wali wake, akaukubali, na siku ya kuondoka, wakiwa kituoni, alimuuliza swali moja tu: "Baba, huku utazikwa na nani?" Mzee alirudi kutoka kituoni akakaa kwenye benchi la fundi baiskeli hadi jua linatua, bila kumtukana mtu, na Yoramu anakiri hapa mbele yenu kwamba hakuwahi kumwona mtani wake mnyonge namna ile, maana pensheni ilimtosha, shamba lilimtosha, lakini ukoo haupangishwi.

Januari 1998, katika mvua zile za El Nino, masika yenyewe yakiwa bado, maji yalikipita kigingi cha juu kuliko vyote. Mzee Evaristo alikiona asubuhi, na kufikia jioni alikuwa amezunguka kwenye vibanda vyote vya mbugani kwa miguu, akiwasihi watu watoe mpunga na mbegu wapeleke mjini, na wengi walimwambia kwamba wao wamezaliwa hapa. Bi. Balbina peke yake alimsikiliza, kwa kuwa alikuwa ameviona vile vigingi vikipigwa miaka mitano, wakahamisha magunia kwa baiskeli siku mbili mfululizo, na siku ya tatu ghala lake lilichukuliwa na maji, tupu. Mbegu iliyopandwa mbugani mwaka ule, hata iliyopandwa na wale waliosema wamezaliwa hapa, ilitoka katika magunia yale.

Baada ya mavuno Bi. Balbina aliwakusanya wazee wa ukoo wake kwenye makaburi yao, huku juu tulipo leo, akaonyesha mahali kando ya kaburi la mumewe, akasema, "Huyu hapandi treni tena. Hapa ni pake." Wiki hiyohiyo Mzee Evaristo alimwandikia Restituta barua ya mstari mmoja, kwamba amepata wa kumzika.

Februari 1999 miguu yake ilianza kuvimba, ikagundulika ni moyo, akatibiwa akiwa nyumbani, akilima kwa kuibia kila alipoona hatazamwi, hadi tarehe 30 Agosti alipolazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na tarehe 8 Septemba 1999, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, aliaga dunia. Taarifa ilipelekwa Mpika kwa simu ya reli, na Restituta alifika jana akiwa amekwisha kupanga kumsafirisha baba yake, kwa kuwa barua ya mstari mmoja hakuiamini, na hakuna wa kumlaumu. Alipelekwa kaburini, akawakuta watu zaidi ya arobaini na majembe, akamkuta na Yoramu amesimama ndani ya shimo, kama kazi ya mtani inavyodai, akimtukana baba yake huku machozi yanamtoka. Restituta akasema, "Mzikeni hapa," akaomba jembe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko, uongozi na wafanyakazi wa reli waliotusaidia kwa simu na usafiri, majirani wa Lipangalala mliopika na kuchota maji tangu Jumatano, na ukoo wa Mchopa, ambao hatuna neno linalowatosha. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, baiskeli moja, na vigingi sita, ambavyo tunaomba asiving'oe mtu.

Pumzika kwa amani, mla nyani. Kigingi cha mwaka jana kiko chini sana ya hapa, maji hayakufikii, mimi mla panya wako nimepima mwenyewe.