Perpétue Masika, Aliyefundisha Gesi ya Samadi Matangani

Nyinyi mliosimama juani, na wewe uliyekalia kaburi la jirani, sogeeni karibu. Huyu tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 14 Aprili 1979, ni Perpétue Masika wa Namuwongo. Safari hii ni kweli. Wapo hapa waliowahi kulia uwanjani kwake kwa ajili ya watu ambao hawakuzaliwa kamwe, na habari hiyo itafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Lubero, Kongo. Mama yake alifariki akimzaa, naye akalelewa na bibi yake, Kahambu, kwa maziwa ya mbuzi mmoja. Mbuzi yule alimpenda mtoto hata akawa anabisha mlango kwa pembe saa ya kunyonya ikifika. Asiyeamini aende Lubero akaulize. Mbuzi amekufa, lakini mlango upo.

Alisoma kwa Masista wa Butembo kuanzia mwaka 1951 hadi 1957. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Siku moja alifungua saa ya ukutani ya Masista ili aone nani anasukuma ile mishale, akaambiwa hatakula mpaka saa itembee. Ikatembea, ila kwa kurudi nyuma, na siku hiyo Butembo nzima ilikula chakula cha mchana mara mbili. Masomo yake yaliishia darasa la sita, kwa sababu bibi hakuwa na kingine cha kuuza.

Vita vya mwaka 1964 viliwatoa kwao. Walivuka mpaka kwa miguu, bibi na mjukuu, wakapanda treni Kasese na kushukia Kampala, wakapata chumba Namuwongo karibu kabisa na reli. Mwaka 1966 marehemu alipata kazi ya kufua nguo katika misheni moja upande wa Lubaga. Huko alikuwako Bruda Tarcisio, mzee aliyeliwasha jiko la misheni kwa gesi ya mavi ya ng'ombe. Samadi na maji huvundikwa ndani ya pipa, pipa dogo hufunikwa juu yake kifudifudi, gesi inalinyanyua, mpira unaipeleka jikoni. Perpétue alipoona moto wa buluu usio na moshi, aliacha nguo ndani ya povu. Bruda alimfundisha kila kitu, na alipolazimika kuondoka nchini mwaka 1975 alimwachia nyundo, mkasi wa bati na chuma cha kulehemu.

Tarehe 8 Februari 1969 alifunga ndoa na Augustin Kambale, mkimbizi mwenzake, fundi baiskeli wa Nakivubo. Mungu akawapa mtoto mmoja, Kavira, mwaka 1971. Augustin alikuwa mtu mpole hata kuku walitaga kofiani mwake akiwa ameivaa. Mwezi wa Juni 1976 watu wenye miwani nyeusi walimtia ndani ya buti ya gari mbele ya wateja wake. Mpaka leo hakuna aliyetuonyesha hata kiatu chake.

Ndipo wakamwekea matanga bila maiti. Wanawake walijaa mkekani. Alikuwako Rosalba Ayot, ambaye mumewe, Sajini Ojara, aliitwa kambini mwaka 1972 hakurudi. Alikuwako Kulusum, muuza mandazi, mjane pia. Kilio kilipopoa wakaanza kuulizana kuni zitatoka wapi, mkaa umeadimika, watoto wanalala na njaa huku unga upo. Perpétue akawaambia, "Moto uko kule zizini kwa wachinjaji, mnaukanyaga kila siku." Akaanza kuwaeleza, na hakuna askari aliyewasumbua. Nyakati zile wanawake watano wakikaa pamoja waliulizwa kibali. Lakini msiba haukuombewa kibali. Hata mwuaji huheshimu matanga.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumanne palikuwa na msiba uwanjani kwa Perpétue. Wanafunzi walikuja na kanga za kilio, wakikaa mikeka ile ile, wakijifunza kupima samadi kwa maji, kukata pipa, kufunga mpira wa baiskeli usivuje. Mapipa yalifukiwa nusu ardhini na kufunikwa kwa matete, maana pipa likionekana utasemwa unaficha petroli ya magendo, na kosa hilo lilikuwa na risasi yake. Aliyemwona askari kwanza alipiga yowe, na yowe lile lilikuwa na maana moja Namuwongo nzima: ficha pipa lako. Bibi Kahambu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulipa kodi, ndiye aliyetunga marehemu wa kila wiki.

Siku moja askari akaingia na bunduki.

"Nyinyi mama, nani mekufa hapa?"

"Barnabé, afande," bibi akasema. "Shemeji yangu."

"Wiki ile nyingine mlisema Barnabé."

"Yule alikuwa pacha wake."

"Na ile ingine ya mbele?"

"Baba yao. Nyumba yetu haina bahati, afande."

Askari akanusa huku na huku. Nyuma ya nyumba pipa la somo lilikuwa linatokota.

"Hapa nanuka mbaya."

"Marehemu amekaa siku nyingi. Tunangoja wa Lubero wafike."

Yule kijana akavua kofia, akakaa mkekani. Ikabidi walie kweli mpaka achoke, na Rosalba alilia hata akamkumbuka Sajini wake, akashindwa kunyamaza. Askari alipoondoka, Perpétue alimshika Rosalba mkono akasema, "Haya, Mama Rosalba. Samadi ndoo mbili, maji ndoo ngapi?" Rosalba akajibu huku kamasi zinamtiririka, na jibu lilikuwa sawa.

Marehemu hakufundisha ili watu wachemshe chai tu. Alitaka wajane wale wawe mafundi wanaoitwa kwa jina, wenye kazi ambayo hakuna mwenye bunduki angeweza kuwanyang'anya. Januari mwaka huu Sista mkuu wa shule moja ya bweni, aliyechoka kutafuta kuni za wasichana wake, alikubali wanawake wa Namuwongo wamjengee jiko la gesi baada ya Pasaka. Akaweka sharti moja: wajenge wenyewe, mwalimu wao akae kando asiguse chombo. Likifaulu, zipo shule nyingine zinazongoja kusikia. Walikuwa wamebakiwa na somo moja, nalo ndilo gumu: mshono wa pipa la juu, jinsi ya kukunja bati mara mbili na kulehemu katikati ya mikunjo isipite hata pumzi. Alikuwa amelichelewesha kwa kukosa lehemu.

Lehemu ilipatikana mwisho wa mwezi wa Machi, mizinga ikiwa tayari inasikika upande wa Entebbe. Wengine walimwambia aache kwanza. Akasema, "Vita vitakwisha na watu watataka kula." Tarehe 1 Aprili akiwa anakata pipa la somo, bati likamchana chini ya kidole gumba. Alifunga kitambaa akaendelea. Bibi yake, ambaye sote twamwita Koko, alimwambia atie majivu, naye akacheka, akasema, "Koko, wewe hata mguu uliovunjika ungeutia majivu." Tarehe 9 taya likakaza. Ilikuwa pepopunda. Alitaka kueleza mshono, maneno hayapiti. Akataka kuonyesha kwa mikono, vidole vikajikunja vyenyewe. Kulusum alimwekea kipande cha bati mapajani, akabaki anakitazama machozi yakimtoka.

Jumatano tarehe 11, siku mji ulipoanguka, mwili wake ulipinda kama upinde. Bibi akatoka mlangoni akapiga yowe kwa nguvu zake zote, kuita watu wambebe mjukuu wake.

Hakuja mtu. Namuwongo nzima ilisikia, na kila aliyesikia alifanya alivyofundishwa. Walikimbilia mapipa yao. Walifukia, wakatupia matete, wakajifungia ndani. Bibi akajaza kifua apige la pili, akageuka, akaona lile la kwanza lilivyomfanya mjukuu. Kelele humpinda mwenye pepopunda. Kwa hiyo mwanamke huyu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alikaa chini kando ya kitanda akafunga mdomo kwa kanga, akangoja.

Jua lilikuwa limeinama Rosalba alipofika, matope mpaka viwikoni.

"Koko, nimeshaficha. Wako wapi hao?"

"Hakuna askari, Mama Rosalba."

"Sasa ulilia nini?"

Bibi akamwonyesha kitandani.

Walimlaza juu ya mlango, wakambeba kati ya watu waliokuwa wanakimbia na magodoro na vyerehani vya kuporwa. Zahanati waliyoifikia ilikuwa wazi, haina muuguzi, haina hata rafu ukutani. Nyingine ilikuwa imefungwa. Wakarudi naye. Alifariki nyumbani Alhamisi Kuu, tarehe 12 Aprili 1979, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Mlango uliombeba ndio jeneza lake hili, mbao ni zile zile.

Ameacha bibi yake, Kahambu, ambaye alitaka kutangulia yeye na akakataliwa. Ameacha mtoto wake, Kavira, mwenye umri wa miaka minane. Ameacha mume ambaye hatujui tumhesabu upande upi. Ameacha wanafunzi wake wote mnaowaona wamejifunga kanga, pamoja na mshono ambao hakuuonyesha. Rosalba anasema mkunjo wa kwanza huenda ndani. Kulusum anasema huenda nje. Tangu jana wamegombana hata mbele ya maiti, na bibi amewaacha wagombane. Sista ametuma mtu kuuliza kama bado watakuja. Amejibiwa ndiyo. Kama jibu hilo ni kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Matanga yatakuwa pale pale uwanjani, mpaka Jumanne na zaidi. Pipa aliloanza kulikata lipo, upande mmoja mzima. Lehemu iliyosalia haitoshi kukosea mara nyingi. Mwenye nayo hata kipande, asituletee maua.

Ewe Mungu, lilegeze taya la mtoto huyu, umnyooshe mgongo, umlaze kwa amani.